Kijani Kilichoiva

Kuna nchi inaitwa Dhahiri, na mimi nimefika huko. Njia niliyopita haina faida kwa msomaji. Tangu nirudi watu huniuliza kama wenyeji wake ni wakarimu, nami huwajibu kwamba ukarimu wao unapita kiasi: wanakulisha vizuri, wanakutandikia kitanda chenye chandarua kipya, na wakishawajua wazazi wako kwa majina hawaachi kuwaulizia hali kila asubuhi. Mengine nashindwa kuyasimulia kwa mdomo. Kwa hiyo nimeona niandike kwa utaratibu, kama mtu anayetoa taarifa kwa wakubwa wake. Pale hasira itakaponizidi msomaji anisamehe, na asiponisamehe pia sitamlaumu.

Dhahiri inaendeshwa kama duka. Watu wake hawaitwi raia, wanaitwa wateja, na serikali inaitwa Nyumba. Nyumba ndiyo inayowauzia maji, unga, taa na hata sanda. Mkuu wa Nyumba si mfalme wala rais. Anaitwa Mtazamaji, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kutazama. Kila asubuhi akimaliza chai huketi kwenye kiti cha pekee kilichomo katika ukumbi mkubwa, akatazama Ukuta. Ukutani kuna mishale inayozunguka, nguzo zinazopanda na kushuka, masinia ya duara yaliyogawanywa vipande, na ramani yenye taa ndogo ndogo. Kila kimoja kinaonyesha hali ya jambo fulani: unga umeuzwa kiasi gani, taa zinawaka wapi, tangi la mji fulani lina maji ya namna gani. Ofisini kwetu tungeuita dashibodi. Wao wanauita Ukuta tu, na wanapoutaja hushusha sauti.

Sheria yao ya kwanza inasema kwamba jambo lisiloonekana Ukutani halijatokea. Nilidhani ni maneno ya kupamba hotuba. Kisha nikamkuta mtu amesimama katikati ya nyumba yake, paa limechukuliwa na upepo, mvua inamnyeshea yeye na magodoro yake. Majirani walikuwa wamesimama barazani kwao wanamtazama. Nikawauliza kwa nini hawamsaidii. Wakanijibu kwa huruma ya kweli kwamba mshale wa nyumba haujasogea, na kwamba wamemwambia avumilie mpaka ajali yake itokee.

Sheria ya pili ilinichukua muda kuielewa, na nilipoielewa sikutaka kuiamini. Vitu vinavyopachikwa Ukutani wanaviita vijenzi, na sheria inataka kijenzi kichaguliwe kwanza, ndipo kitafutiwe jambo la kuonyesha. Aliyenifundisha hayo ni mwenyeji wangu, Bwana Nadhifu, Mkuu wa Vijenzi. Ni mtu mpole, anayepiga pasi mpaka leso zake, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Wakati huo Nyumba ilikuwa inajenga Ukuta mpya badala ya ule wa zamani, hivyo alinipeleka kwenye soko la wachuuzi wa vijenzi nikajionee.

Soko lilikuwa limefurika. Mchuuzi mmoja alikuwa anauza mshale unaotetemeka daima, hata kama hakuna kinachobadilika, ili anayetazama aone kwamba kazi inaendelea. Mwingine aliuza chujio ambalo matundu yake huamuliwa na aliyekaa kitini. Lakini foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwa mchuuzi wa kijenzi ambacho, habari zikikatika, hurudia habari njema ya mwisho mpaka mwisho wa dunia. Bwana Nadhifu alivishikashika vyote kwa upendo, akavigeuza, akavipuliza vumbi.

"Lakini mnataka kujua nini?" nikamuuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu nchi yenu."

Alifikiri kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Hilo huja mwishoni, ndugu mgeni," akasema. "Tukishaona nafasi iliyobaki."

Siku hiyo hiyo, tukinywa chai kwake, alinieleza habari za rangi. Zamani Ukuta ulikuwa na nyekundu. Akatokea Mtazamaji mmoja mwenye tumbo dhaifu, kila akiiona nyekundu chai inamrudi, basi Baraza la Vijenzi likaifuta. Shida ni kwamba mambo yaliyokuwa mekundu hayakufutika nayo, ikabidi yapewe rangi nyingine. Ndipo mtaalamu mmoja wa lugha akainuka, akasema sisi sote tangu utoto tunasema kijani kibichi. Kama kuna kijani kibichi, lazima kuwe na kijani kilichoiva. Alipigiwa makofi, akapewa nyumba. Tangu hapo kitu kikiharibika Dhahiri kinakuwa kijani kilichoiva, na nilipokiona kwa macho yangu ni kijani kile kile, labda kimefifia kidogo pembeni.

"Na wateja wanajua maana yake?"

"Wateja hatuwafichi kitu," akasema. "Mpiga mbiu anapita kila asubuhi. Taa za Mlimani ni kijani kibichi, unga wa Bondeni ni kijani, maji ya Kidimbwi yameiva."

"Yameiva."

"Tangu mvua ibomoe shimo la vyoo vya sokoni kule. Yanaingia tangini." Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyonikaribishia vitumbua. Nikaweka kikombe chini, nikamuuliza chai yangu imechemshwa kwa maji ya wapi. Akacheka, akanihakikishia kwamba jijini wote hunywa ya Mlimani.

Nataka msomaji atulie hapa kidogo. Huyu mtu alikuwa anajua. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, alikuwa anawapenda watoto wa jirani na kuwapa peremende. Alijua kwamba mji mzima unakunywa kinyesi, na alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina la rangi.

Kesho yake Baraza la Vijenzi lilikaa kuchagua kijenzi cha maji kwa ajili ya Ukuta mpya, nami nikakaribishwa kama mgeni. Lina pande mbili. Upande wa Duara unaamini kila jambo linafaa kuonyeshwa kwa umbo la mviringo, na upande wa Nguzo unaamini kwamba mviringo ni uzembe wa macho. Kiongozi wa Nguzo ni Mheshimiwa Rakibu, mzee mrefu aliyenyooka, nadhani kwa sababu za kisiasa. Pande hizi haziozeshani watoto wao. Pia sheria inataka kila kikao kiwe na mteja mmoja aliyekalishwa kwenye kigoda karibu na mlango, ili isemwe kwamba wateja walishirikishwa. Hatakiwi kusema chochote.

Siku hiyo kwenye kigoda alikuwapo mwanamke wa makamo, kanga yake imeloa umande mpaka magotini, na kabla mwenyekiti, ambaye ni Nadhifu, hajafungua kikao, alisimama.

"Waheshimiwa, shikamooni," akasema. "Naitwa Zamda, natoka Kidimbwi. Maji ya tangi letu yananuka. Watoto wanaharisha na kutapika, wangu Nargisi naye yumo, nimemwacha kwa bibi yake hana hata nguvu ya kulia. Naomba koki ya tangi ifungwe leo. Visima vya zamani tunavyo, tutachota wenyewe."

Nadhifu akainamisha kichwa kwa heshima. "Mama, tunakushukuru kwa mchango wako. Huko kuharisha ungependa kuonyeshwe kwa umbo gani?"

"Sijakuelewa, baba."

"Duara au nguzo."

"Mimi nataka koki ifungwe."

"Mteja mwenyewe ameshatusaidia," akasema Rakibu. "Kuharisha kunapanda. Kinachopanda kinahitaji nguzo." Mtu wa upande wa Duara akamrukia, akasema kuharisha huja kukaenda, kukaja tena, na kinachorudi kilikotoka ni duara tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Hawakuwa wanatania. Niliwatazama nyuso zao mmoja mmoja nikitafuta anayetania.

Nikamuuliza Nadhifu kwa kunong'ona kwa nini wasimtume mtu akafunge. Akanieleza kwa subira. Mlinzi wa koki hutii Ukuta peke yake. Ukuta wa zamani umekwisha kustaafishwa, haupokei amri mpya. Ukuta mpya haujapata kijenzi cha maji. Kijenzi kikichaguliwa, amri itakuwa na mahali pa kukaa, ndipo itakwenda.

"Mtu akienda kwa miguu akamwambia?"

"Mtu si kijenzi," akasema.

Wakajadili. Walijadili kama nguzo ziwe nyembamba au nene, kama duara liwe wazi katikati au lijae, kama mtazamaji akiligusa litoe mlio. Mtu mmoja alizungumza muda mrefu kuhusu kivuli. Bi Zamda alibaki amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi na hakuna aliyemwambia atoke. Mchana tukaletewa pilau. Akaletewa na yeye, akaishika sahani bila kuila, macho yake kwenye mlango. Nami nilikula, maana nilikuwa na njaa na pilau ilikuwa nzuri.

Baada ya chakula wakapiga kura, zikalingana. Nchini Dhahiri kura zikilingana mgeni ndiye anayeamua, kwa hoja kwamba mgeni hana analolijua na hivyo hana upendeleo. Nadhifu akaniomba nisimame. Moyo ulinidunda kwa furaha, nakiri, kwa sababu niliona mlango umefunguka.

"Kura yangu ni hii," nikasema. "Fungeni koki."

Wakaniomba nirudie.

"Fungeni," nikasema.

Nadhifu akawageukia wenzake, uso umemkunjuka. "Mgeni amesema fungeni. Nguzo haifungi, juu iko wazi. Umbo lililofungwa ni moja tu." Upande wa Duara ukainuka kwa makofi. Watu wakakumbatiana. Mheshimiwa Rakibu alikuja akanipa mkono, akasema ameshindwa na hoja, si na mtu.

"Sasa mpeleke amri," nikasema.

"Mara moja," akasema Nadhifu. "Bado rangi ya ukingo."

Nikamtazama Bi Zamda. Aliweka sahani chini taratibu, akatoka. Nikamfuata, na nyuma yangu nilisikia mtu akianza kuzungumzia ukingo.

Kidimbwi si mbali na jiji, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo. Tulitembea haraka. Njiani hakulalamika wala hakuwatukana wale watu. Aliniambia Nargisi ni mtundu, anapenda kuiga sauti za wapita njia, kuna mzee mmoja muuza kahawa anamuiga mpaka mzee mwenyewe anaomba aigwe tena. Kisha akaniuliza.

"Hivi mgeni, nyinyi mliosoma, maji kuiva ndiyo kuwaje? Kila siku tunatangaziwa maji yenu yameiva, na sisi tunajua kitu kikiiva kimefaa."

Sikuwa na namna ya kumficha. Nikamwambia. Nikamweleza habari za nyekundu, na tumbo la yule Mtazamaji, na mtaalamu wa lugha aliyepewa nyumba. Alisimama katikati ya njia. Akachutama, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Nilidhani ameishiwa nguvu, nikataka kumwinua, akanizuia kwa kiganja. Aliponyanyuka alianza kukimbia.

Tangi la Kidimbwi liko juu ya kilima kidogo, na koki yake ni gurudumu la chuma linalotaka mikono ya mtu mzima. Mlinzi wake, Salmini, alitupokea kwa uso wa bashasha. Ni jirani yao.

"Karibu Mama Nargisi. Leo nimewafungulia yote, mpaka mwisho."

"Umefanya nini?"

"Mbiu imepita mara ya pili leo. Yameiva sana, wanasema. Nikasema haya, kitu kimeiva sana nami nimekibana cha nini, si kipakuliwe watu wale? Mabomba yote yanatoka kwa nguvu. Nendeni mkaone."

Kwa Salmini sikukasirika, na nataka hilo lieleweke. Alifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili na moyo angelifanya akiambiwa kwa lugha yake mwenyewe kwamba chakula kimeiva. Hasira yangu iliruka ikampita, ikarudi jijini kwenye ule ukumbi wenye pilau.

Bi Zamda alimweleza kwa maneno machache. Salmini alilitazama gurudumu, akatutazama. "Nikifunga, pale Ukutani patabaki patupu," akasema. "Patupu ni kosa. Watanifunga mimi." Mwanamke hakubishana. Alimsukuma kwa bega, akashika chuma, akavuta. Gurudumu halikusogea. Akavuta tena, miguu inateleza kwenye tope, na mimi nikashika upande mmoja, na baada ya muda Salmini akatukana kwa sauti ya chini, sijui alimtukana nani, akaja akashika upande wa pili. Koki ikafungwa.

Tulipofika kwa bibi yake Nargisi, ua ulikuwa umejaa wanawake walioketi chini. Mtoto alikuwa amekufa mchana, wakati sisi tumepumzika kula.

Yaliyofuata ndiyo yanayofanya niandike. Ukuta wa zamani, uliostaafishwa, ulikuwa bado unatazamwa asubuhi kwa mazoea, na asubuhi iliyofuata mahali pa Kidimbwi palikuwa peupe. Mtazamaji anaweza kustahimili rangi yoyote ya kijani. Weupe hawezi. Walinzi wa Nyumba walikuja kumchukua Bi Zamda matanga hayajaanuliwa, kwa shitaka la kuacha pengo Ukutani, nami nikaitwa shahidi. Salmini alikwisha kutoroka. Nilifurahi kusikia hivyo.

Ukumbi ulijaa. Walikuwamo wajumbe wa pande zote mbili, wachuuzi, wapiga mbiu, na watu wa Kidimbwi waliokuja na huyo mama na kuachwa wasimame nyuma. Ndipo nilipomwona Mtazamaji kwa karibu. Nilitarajia jitu la kutisha. Alikuwa mtu wa kawaida, mikono misafi, sauti ya upole, na alimwambia Bi Zamda pole ya msiba kabla ya jambo lolote. Kisha akamuuliza kwa nini aliamua kuuharibu Ukuta ambao umejengwa kwa ajili yake yeye mteja.

Nadhifu aliomba kusema kwanza. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sina shaka machozi yalikuwa ya kweli. Akasema Baraza limeguswa sana, na kwamba nafasi imepatikana kwenye Ukuta mpya ya kuonyesha watoto. Swali pekee lililobaki, akasema, na hapa akamgeukia Bi Zamda kwa heshima, ni kama mama mwenyewe angependelea duara. Niliuma meno mpaka taya likaniuma. Nilikuwa nimekamata ukingo wa benchi, na kama aliyekaa kando yangu asingenishika mkono, leo ningekuwa ninaandika haya kutoka jela ya Dhahiri.

Bi Zamda alikuwa na kikapu. Akatoa bilauri, akatoa kidumu kidogo, akamimina. Alisogea mpaka kwenye kile kiti ambacho wateja hawaruhusiwi kukikaribia, na walinzi, sijui kwa nini, hawakumzuia. Akaiweka bilauri kwenye mkono wa kiti.

"Ni ya Kidimbwi," akasema. "Yalichotwa kabla hatujafunga. Ukuta wako umesema yameiva sana. Kunywa, baba."

Mtazamaji aliitazama bilauri. Maji hayakuwa machafu ya kutisha, ukiyaona kwa mbali ungesema ni maji tu. Akauinulia Ukuta macho, akarudia kuutazama, kama mtu anayesoma jina lake. Harufu ilikuwa imeshafika kwetu tuliokaa mbele.

"Sina kiu," akasema Mtazamaji.

Ukumbi mzima ulimsikia. Walimsikia wapiga mbiu waliotangaza, wachuuzi waliouza, na watu wa Kidimbwi waliokunywa. Rakibu alikuwa amekaa, na kwa mara ya kwanza nilimwona amepinda mgongo. Hapakuwa na haja ya mtaalamu wa lugha. Yule mtu alikuwa anajua kuusoma Ukuta wake vizuri kabisa, na alikuwa anajua kila asubuhi, baada ya chai.

Bi Zamda aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Hata Nargisi aliniambia hana kiu," akasema. "Alisema mama, yananuka. Nikamshika kidevu nikamnywesha, kwa sababu mlitangaza yameiva."